Mwalimu mmoja, wanafunzi 900: huduma ya afya ya akili shuleni inaanzia wapi?

SWALI: Nafundisha Kiswahili na Jiografia katika sekondari ya kata pembezoni mwa Jiji la Arusha. Tuna wanafunzi zaidi ya 900. Mwaka jana mkuu wa shule alinipa barua ya kuwa mwalimu wa ushauri na unasihi. Mafunzo sikupata, na vipindi vyangu 28 kwa wiki vimebaki vilevile. Muhula huu wasichana wa kidato cha kwanza wameanza kupiga mayowe na kuanguka darasani. Halafu kuna mvulana wa kidato cha tatu anayesinzia kila siku. Wiki iliyopita aliandika nyuma ya daftari la mazoezi kwamba amechoka na hataki tena kuwepo. Shule haina fedha, na mwanasaikolojia hatuna wala hatumtarajii. Je, tunaweza kuanzisha huduma ya afya ya akili hapa, na nianzie wapi?

JIBU: Mwalimu, nianze na huyo kijana wa kidato cha tatu. Mengine yote yanaweza kusubiri aya chache, yeye hawezi.

Usingoje aje mwenyewe. Kesho asubuhi mwite kwa jambo la kawaida, akusaidie kubeba madaftari, kisha mkae mahali mnapoonekana na watu lakini hamsikiki. Mwambie umeyasoma aliyoyaandika na kwamba hayakukuudhi. Halafu muulize waziwazi: "Umekuwa ukifikiria kujiua?" Walimu wengi ninaokutana nao hapa Moshi huliogopa swali hilo, wakidhani kulitamka ni kumpandia mtoto wazo. Halimpandii. Mtoto ambaye hana wazo hilo atakujibu hapana na kukushangaa kidogo. Mwenye nalo atapata, pengine kwa mara ya kwanza, mtu wa kumtua mzigo.

Akisema ndiyo, uso wako usibadilike. Usimhubirie kuhusu dhambi, wala usimwambie jinsi mama yake atakavyolia. Muulize kama ameshafikiria njia, kama njia hiyo iko karibu naye, na kama amejipangia siku. Mwenye njia na siku haachwi peke yake hata kwa muda wa kwenda chooni. Anakabidhiwa mkono kwa mkono kwa mtu mzima na anafikishwa hospitali siku hiyohiyo. Hata akisema ni mawazo tu, mzazi au mlezi aambiwe jambo moja la lazima: dawa za kupulizia nyanya na za kuhifadhi mahindi zifungiwe kwa kufuli, au zitoke kabisa nyumbani. Kwenye mikoa yetu ya wakulima sumu ya shambani ndiyo iliyo karibu na mkono. Wazo la kufa mara nyingi huja kama wimbi, na likikuta njia imefungwa hupita.

Utasikia watu wakisema "ni kesi ya polisi hiyo." Ni kweli kwamba Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, na mimi ni miongoni mwa tunaotamani kifungu hicho kiondoke, kwa sababu kinazifanya familia zifiche. Lakini kuwa na mawazo hayo na kuyasema si kosa lolote. Na mtoto aliyekwisha kujidhuru anapelekwa kwanza kwa daktari.

Muulize pia usiku anafanya nini. Nimewahi kuletewa kijana aliyesinzia hivyohivyo, na ofisi nzima ya walimu ilishakubaliana kwamba anavuta bangi. Kumbe alikuwa akilinda duka la mjomba wake kuanzia saa tatu usiku hadi alfajiri, kwa sababu hayo ndiyo yalikuwa malipo ya kupewa pa kulala. Alikuwa na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, ndiyo, lakini pia alikuwa hajalala miezi mitano. Hatukuanza na dawa. Tulianza na mjomba.

Sasa nije kwenye huduma yenyewe.

Swali lako nimelipokea kwa sura nyingi, na karibu kila mara linabeba picha ya chumba: chumba cha ushauri, viti viwili, mtaalamu mmoja, na fedha za kuvipata. Mimi mwenyewe niliwahi kuihubiri picha hiyo. Miaka kadhaa iliyopita nilisaidia shule moja ya hapa Kilimanjaro kupata chumba. Kilipakwa rangi, kikawekwa pazia, mlangoni pakabandikwa USHAURI NASAHA kwa herufi kubwa. Kilikuwa katikati ya ofisi ya mkuu na ya mwalimu wa nidhamu. Muhula mzima waliingia wanafunzi wanne, na wote wanne walikuwa wametumwa kama adhabu. Nani angepita mbele ya madirisha ya madarasa sita, akielekea kwenye mlango ule, huku shule nzima ikimwona?

Lililoniuma zaidi lilikuja baadaye. Msichana wa kidato cha pili alimweleza mwalimu mmoja kwamba baba wa kambo humfuata usiku. Mwalimu yule hakuwa mtu mbaya. Alilichukua jambo kwenye chai ya saa nne, akitafuta ushauri wa wenzake. Ijumaa, mstarini, mwalimu wa zamu akawaonya wasichana "wanaochafua majina ya wazazi wao." Hakutaja jina. Hakukuwa na haja, kwa maana binti alikuwa amesimama mstari wa mbele, ameshika ufagio wa makuti, na vichwa vyote viligeukia alipo. Jumatatu hakurudi. Tulimpata baada ya majuma, kwa bibi yake, kijiji kingine, na mimi nilikaa naye kwenye ngazi ya nyumba akanieleza habari ya ule ufagio, jinsi alivyouminya mpaka kijiti kikamchoma kiganjani. Kiganja bado kilikuwa na alama.

Ndiyo maana nikiulizwa huduma inaanzia wapi, siku hizi nasema inaanzia kwenye siri. Ukiweza kulinda siri, utapata wanafunzi hata chini ya mwembe. Usipoweza, hata ukiletewa daktari bingwa atakaa peke yake.

Siri ina mpaka wake, na mpaka huo mtoto auambiwe kabla hajafungua kinywa. Mimi hutumia maneno haya: "Utakayoniambia yatabaki kwangu. Ila kama kuna mtu anakuumiza, au unataka kujiumiza, au kuna mwingine yuko hatarini, hapo nitalazimika kumweleza mtu mmoja anayeweza kusaidia, na kabla sijamweleza, wewe nitakuambia mtu huyo ni nani." Mtoto anaelewa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwenye taarifa za haki za mtoto kuvunjwa azipeleke kwa mamlaka ya serikali za mitaa, kwa hiyo huwezi kuahidi ukimya wa moja kwa moja. Na utayakuta mambo hayo, Mwalimu. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 uliona kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Hesabu mwenyewe ni wangapi katika 900.

Pacha wa siri ni fimbo. Kanuni za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi 4, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu. Sote tunajua shuleni inakuwaje. Siwezi kukuambia uibadilishe shule nzima mwezi huu. Ninachokuomba ni kwamba wewe, kama mwalimu wa unasihi, usichape kabisa, usisimamie adhabu, na usikae kwenye kamati ya nidhamu, na wanafunzi walijue hilo. Mwombe mkuu akutangaze hivyo mstarini. Mtoto uliyemchapa saa mbili asubuhi hawezi kukueleza saa nane kwamba usiku anasikia sauti.

Kuhusu nani atafanya kazi, habari ni njema kuliko unavyodhani. Madaktari bingwa wa afya ya akili ni wachache mno nchini, na wengi wako kwenye hospitali kubwa. Ukiwangoja, kidato cha kwanza chako kitafunga ndoa na kuzaa kabla hawajafika. Lakini Afrika imeshajionyesha kwamba sehemu kubwa ya kazi hii haimhitaji daktari. Harare, mwaka 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza kuwafundisha bibi wa mitaani kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasikiliza watu wenye kufungisisa, neno la Kishona ambalo maana yake ni kufikiri kupita kiasi. Sisi tungesema "ana mawazo." Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha waliokaa na bibi hao walipata nafuu kuliko waliopata huduma za kawaida.

Hao walikuwa watu wazima. Kwa wanafunzi, tazama Kenya. Kikundi cha Shamiri kiliwachukua vijana wa miaka 18 hadi 22, wasio na shahada wala koti jeupe, wakaongoza vikundi vya wanafunzi wa sekondari mara moja kwa wiki kwa wiki 4 tu. Waliongea kuhusu uwezo wa mtu kubadilika, shukrani, na mambo ambayo kila mmoja anayathamini. Utafiti wao wa wanafunzi 413, uliochapishwa mwaka 2021, ulikuta dalili za sonona na wasiwasi zimepungua zaidi kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma, na tofauti ilikuwa bado ipo miezi kadhaa baadaye.

Hata hapa Moshi limefanyika. Washauri wasio wataalamu walifundishwa kuendesha vikundi vya watoto yatima waliobeba majeraha ya msiba, hapa na Bungoma, Kenya, jumla watoto 640. Matokeo yaliyotoka mwaka 2020 yalikuwa mazuri katika maeneo 3 kati ya 4 pale vikundi vilipomaliza. Baada ya mwaka mmoja, upande wa Tanzania watoto ambao hawakupata vikundi hivyo nao walikuwa wamepata nafuu karibu sawa. Nakueleza hilo makusudi. Vikundi husaidia, lakini havifanyi miujiza, na mtoto akirudi kwenye nyumba ileile na njaa ileile, kikundi kinahitaji kushikwa mkono na kitu kingine.

Kwako wewe napendekeza hivi. Kwenye kata yako wapo vijana waliomaliza kidato cha sita mwezi Mei, wanangoja matokeo na vyuo. Tafuta wawili, msichana na mvulana, ambao wanafunzi wanawaheshimu bila kuwaogopa. Wasiwe watoto wa walimu wa shuleni kwako, maana siri itaponea wapi? Mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa mtaa wenu awe wa tatu. Umwombe muuguzi wa afya ya akili kutoka kituo cha afya au hospitali aje mara moja kwa nusu siku kuwafundisha mambo machache: kusikiliza bila kukatiza, kutotoa hukumu, kuuliza swali la kujiua, na kujua wakati wa kupeleka mbele. Walimu wa sekondari wa Arusha waliwahi kupewa mafunzo ya siku chache ya kuielewa afya ya akili, chini ya mradi uliofanya kazi Tanzania na Malawi, na uelewa wao ulipanda na unyanyapaa ukashuka. Siku chache si kitu kidogo zikifundishwa vizuri.

Kikundi kiwe na wanafunzi 8 hadi 10, mara moja kwa wiki, baada ya vipindi. Kisiitwe kikundi cha wenye matatizo. Kiiteni klabu, jina wachague wenyewe, na kiwe wazi kwa anayetaka, ili aliyelemewa aingie bila kuonekana. Mkutano wa kwanza usianze na "tuelezeni shida zenu." Mimi huanza na kalamu na karatasi. Kila mmoja anaandika mambo yanayomkosesha usingizi, hayasomwi na mtu. Kisha anaweka alama kwenye lile ambalo angalau kipande chake kiko mikononi mwake. Ni hicho kipande tu tunachozungumza.

Mvulana mmoja aliandika mistari saba: baba kaenda machimboni Mirerani hajarudi, mama anaumwa, ada ya dada, na kadhalika. Alama aliiweka kwenye mstari wa mwisho kabisa: "Sina pa kusomea usiku." Kikundi kikamsaidia kumwendea mzee wa kanisa la jirani, akapewa ufunguo wa ukumbi wenye taa, yeye na wenzake watatu. Baba hakurudi. Mama aliendelea kuumwa. Lakini alipokuja wiki ya tatu alikuwa amekaa mgongo ukiwa wima, na aliinua kope kututazama. Ukikaa na watoto muda mrefu utaijua tofauti hiyo kabla hajasema neno.

Kuhusu wasichana wanaoanguka, najua sasa hivi kuna wazazi wanaotaka kuleta mtumishi wa kukemea mapepo, na wengine wanasema shule imejengwa juu ya makaburi. Usigombane nao juu ya imani. Wakiomba, waombe kwa utulivu na bila hadhara, na shule ifanye sehemu yake.

Jambo hili si geni nchini. Januari 1962, majuma machache baada ya Uhuru, wasichana wa shule ya bweni ya Kashasha karibu na Bukoba walishikwa na kicheko na kilio kisichozuilika. Kati ya wanafunzi 159, waliopatwa walikuwa 95, shule ikafungwa, na wasichana waliporudi makwao hali ikaibuka vijijini. Madaktari waliochunguza hawakukuta sumu wala vijidudu. Ni mwili unaosema kile ambacho mdomo umekatazwa, na unaambukiza kwa macho na masikio. Hawaigizi. Ukiwaambia wanaigiza, au ukiwachapa, unaongeza kuni.

Anayeanguka atolewe haraka na kwa upole, akalazwe mbali na macho ya wenzake, mtu mmoja tu akae naye, wengine waendelee na kipindi. Kama ana njaa au yuko kwenye siku zake bila pedi, yashughulikiwe hayo kwanza. Kundi likiwa kubwa, wasikusanywe chumba kimoja. Halafu tafuta alianza nani, na nini kilitokea darasani wiki ile. Mara nyingi kuna kitu: mwalimu mpya mwenye mkono mzito, mtihani, msiba, mvulana wa kidato cha nne anayewavizia njiani.

Ukiona anayeanguka peke yake, hata wenzake wasipokuwepo, akikakamaa, akitoa povu, akijikojolea au kuuma ulimi, huyo ni mwingine kabisa. Huyo anaweza kuwa na kifafa, na anahitaji kliniki. Nalisema kwa mkazo kwa sababu nimeona watoto wa kifafa wakifukuzwa shule kwa miaka, wakati kliniki zetu za afya ya akili ndizo zinazowatibu na dawa zipo. Alazwe ubavu, asitiwe kijiko mdomoni, asishikiliwe kwa nguvu.

Na kwa nini kidato cha kwanza? Jiulize wametoka wapi. Miaka saba walisoma kwa Kiswahili, walikuwa wanajibu, wanacheka, wengine walikuwa vinara wa darasa. Wamefika kwako, kila kitu kimegeuka Kiingereza, na anayejibu kimakosa anachekwa. Nimekaa nyuma ya madarasa kama hayo. Wanafunzi hamsini kimya, kalamu zinatembea, wanakili ubaoni maneno wasiyoyajua maana, na anayeulizwa swali anasimama na kuangalia viatu. Mtoto anayekaa hivyo saa saba kwa siku, baada ya kutembea kilomita nyingi bila kunywa uji, atakuwa na msongo wa mawazo bila kuhitaji shetani yeyote. Kwa hiyo sehemu ya huduma yako ya afya ya akili ni kuzungumza na walimu wenzako wawaruhusu kidato cha kwanza waulize kwa Kiswahili, angalau muhula huu. Sehemu nyingine ni kikao cha wazazi kukubaliana juu ya makande ya mchana. Nikilazimishwa kuchagua kati ya mshauri na sufuria ya makande kwa shule kama yako, nitachagua sufuria, kisha nitakuja kuomba mshauri.

Suala la fedha silipuuzi. Najua ruzuku ya shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka haifiki yote shuleni, na hakuna fungu linaloitwa unasihi. Ndiyo maana nakupa mambo yanayoomba muda na nauli kuliko majengo. Nauli lakini ni ya lazima. Mwombe mkuu na bodi ya shule watenge kiasi kidogo cha kumsafirisha mtoto na mzazi mpaka hospitali, kwa sababu rufaa nyingi ninazozijua zilifia kituo cha daladala.

Rufaa yenyewe inahitaji majina. Sisemi "ustawi wa jamii". Nasema afisa ustawi wa jamii wa kata yako ni nani, namba yake ni ipi, na anapokea simu siku gani. Kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa, Mount Meru kwa upande wenu na Mawenzi kwa upande wetu, kamuulize muuguzi wa kitengo cha afya ya akili siku za kliniki, na wapi mtoto aende akifika, asije akazungushwa madirishani mpaka akakata tamaa. Familia isiyo na uwezo ipite ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kuomba msamaha wa gharama. Kesi ngumu zinakuja KCMC, hospitali ya rufaa ya kanda hapa Moshi. Ukatili unapelekwa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Namba ya bure 116, ya huduma ya simu kwa mtoto, iandikwe kwenye kila mlango wa choo, kwa ndani, maana huko ndiko mtoto anakoisoma bila kutazamwa. Kama shule yenu ina dawati la ulinzi na usalama wa mtoto, usianzishe kamati nyingine. Jiunge nalo na mgawane kazi.

Novemba kaa macho kwa namna ya pekee. Pamoja na mitihani, wapo wasichana wanaougua ghafla likizo ya Desemba inapokaribia, tumbo, kichwa, kukosa usingizi. Baadhi wanaogopa kukeketwa au kuozwa. Ukeketaji wa msichana ni kosa la jinai tangu mwaka 1998, na mtoto akikuambia kwamba anaogopa kwenda nyumbani, likizo isimkute bila afisa ustawi kujua. Wazee wa mila na viongozi wa dini wa kata yako wapo wanaoweza kusimama nawe. Watafute mapema, kabla hujawahitaji.

Utashauriwa pia ujaze madodoso, uwapime wanafunzi wote 900 ujue wangapi wana sonona. Usifanye hivyo mwaka huu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kijana 1 kati ya 7 wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Ukiwapima wote utapata orodha ndefu ya watoto waliofunua vidonda vyao kwenye karatasi, na huna pa kuwapeleka. Anza na wale ambao walimu tayari wanawaona: aliyebadilika ghafla, aliyeacha kula na wenzake, mtoro mpya, anayelia bila sababu, anayevaa sweta lenye mikono mirefu kwenye jua la Februari.

Ninamalizia na wewe mwenyewe. Umeandika swali lote bila kueleza unalalaje. Mtu anayesikiliza habari kama zile za ufagio wa makuti, kisha akarudi darasani kufundisha ngeli, anahitaji naye mahali pa kutua. Chagua mtu mmoja, yule muuguzi wa kliniki akikubali, uzungumze naye kwa simu mara moja kila wiki mbili kuhusu watoto unaowaona, bila kutaja majina. Usichukue zaidi ya wanafunzi 4 wa kuzungumza nao mmoja mmoja kwa wiki. Wa tano mkaribishe kwenye klabu au mpeleke mbele.

Na hivyo vipindi 28 haviwezekani. Mwandikie mkuu wa shule barua rasmi, nakala kwa afisa elimu kata, ukiambatanisha ile barua ya uteuzi, uombe vipunguzwe viwe 22. Vipindi sita vya dakika 40 ni saa nne kwa wiki: saa moja ya klabu, mbili za wanafunzi wanne, na moja ya simu na kufuatilia rufaa. Ipeleke kabla ratiba ya muhula ujao haijabandikwa.